Kwotabeki wa Akiba: Venye Unaweza Kumpima Dere wa Skwodi Kabla Msimu wa NFL Uanze

Tarehe 19 Agosti 2023, 49ers wa San Francisco walikuwa chini 20-18 dhidi ya Broncos wa Denver, na saa ilikuwa imebaki kidogo tu. Trey Lance, kwotabeki wa miaka 23, akaanza kusukuma timu mbele, pasi hapa, pasi pale, hadi mpigaji Jake Moody akapata nafasi ya kuupitisha mpira katikati ya milingoti. 21-20. Mechi ikaisha hapo. Mafans wakawaka, na wasee kwa mitandao wakaanza kusema Lance amerudi.

Siku sita baadaye Lance aliuzwa Dallas.

Msee aliyempokonya kazi ya kuwa namba mbili, Sam Darnold, hakuwa na mwisho wa kisinema kama huo. Lakini kocha Kyle Shanahan alikuwa ameshaamua. Kama wewe uliicheki hiyo mechi ukalala ukijua Lance ameshinda, haukuwa peke yako. Mimi mwenyewe niliingia boksi. Tangu hiyo siku nimejifunza kuangalia mechi za Agosti kwa jicho lingine, na hiyo ndiyo stori ya leo.

Dere wa skwodi

Kwa wale NFL bado ni mpya kwao: kwotabeki ndiye dere wa timu ikishambulia. Timu iko na majaribio manne ya kusonga yadi 10, na karibu kila jaribio linaanza mpira ukirudishwa mikononi mwake. Ni yeye anaamua kurusha, kumpa mkimbiaji, ama kukimbia mwenyewe. Beki akivurunda kuna wengine kumi wa kumficha. Kwotabeki akivurunda, kila mtu ameona.

Sasa kwotabeki wa akiba ni dere wa skwodi. Unamjua. Ile siku dere mwenyewe ameamka na homa ama amebambwa na karao, kuna msee amesimama steji tangu saa kumi na moja asubuhi akingoja kuitwa. Nganya si yake, breki hajazizoea, makanga hamuelewi vizuri, na abiria hawajali hizo zote, wanataka tu kufika tao.

Tofauti ni kwamba dere wa skwodi hupata siku kadhaa kwa mwezi. Kwotabeki wa akiba anaweza kumaliza msimu mzima bila kuguswa na mpira. Na msimu ukianza, mazoezi karibu yote na kikosi cha kwanza ni ya namba moja. Namba mbili anasimama kando, anasikiliza, anaangalia, anachora kwa kichwa. Akiitwa Jumapili, ameitwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana Agosti ni ya maana kwake. Tangu 2021, kila timu kwa kawaida hucheza mechi tatu za kabla ya msimu (kitambo zilikuwa nne). Matokeo hayahesabiwi popote. Kambini wako wachezaji 90, na mwisho wa mwezi lazima wabaki 53. Mastaa wanacheza kidogo sana ama hawachezi kabisa, kwa hivyo hizo dakika zote zinaenda kwa wasee wanaotafuta wera. Kwa Marekani mashariki mechi ikianza saa moja jioni, kwetu ni saa nane usiku. Kama umeamka hiyo saa kucheki namba tatu wa timu ya mbali akicheza na namba tatu mwingine, wewe ni mgonjwa kama mimi. Na buda, usiweke hata bob moja kwa hizi mechi. Kocha mwenyewe hajali kushinda, wewe unajali nini?

Alicheza na nani, dhidi ya nani?

Kitu cha kwanza wasee huangalia ni namba. Pasi 12 kati ya 18, tachidauni moja, hakuna iliyonaswa. Fiti. Lakini swali la kwanza halifai kuwa ngapi. Uliza ilikuwa kota ya ngapi.

Kota ya kwanza ya mechi ya Agosti, mara nyingine unapata mabeki wa ukweli. Kota ya nne, wale wanaokimbiza kwotabeki ni wasee ambao wengi wao wiki mbili zijazo watakuwa wanafungasha. Pasi ikipita hapo imepita, lakini ilipita mbele ya nani? Na pia geuza upande wa pili: huyo kwotabeki wa kota ya nne analindwa na ukuta wa wasee wa kukatwa vilevile. Akigongwa kabla hata hajainua mkono, hilo si kosa lake. Kuna siku kwotabeki anatoka na namba mbaya kumbe ndiye alikuwa mtu wa pekee uwanjani aliyejua anafanya nini.

Kitu kingine, na hiki ndicho kinamada wengi: Agosti difensi zinaficha karata. Hakuna kocha ataonyesha uvamizi wake wa maana kwa mechi isiyo na pointi wakati wapinzani wake wa Septemba wanarekodi kila kitu. Kwa hivyo anapanga mabeki kwa njia rahisi kabisa, ile ya kitabu cha darasa la kwanza. Kwotabeki wa akiba anasoma mtihani ambao maswali yake ni ya kurudia.

Hapo ndipo kuna siri moja ambayo ikikuingia utaanza kuona tofauti. Kufaulu mtihani rahisi hakuthibitishi sana. Lakini kuufeli kwa njia fulani kunasema mengi. Msee akichanganyikiwa na difensi ambayo haijaribu hata kumchanganya, Septemba itakuwa ngori. Kwa hivyo Agosti mimi siangalii sana nani amewaka. Naangalia nani amepotea, na amepotea wapi. Pasi nzuri ikiponyoka mikononi mwa mpokeaji, sahau. Pasi ikienda moja kwa moja kwa beki aliyekuwa amesimama hapo tangu mwanzo bila kusonga, andika.

Angalia kabla mpira haujarudishwa

Kazi nyingi ya kwotabeki inafanyika kabla mchezo uanze, na kwa TV hii ndiyo sehemu wasee huenda kuchukua chai.

Kofia yake iko na spika. Kocha anampa mchezo kupitia redio, na redio inakatika saa ya mchezo ikifika sekunde 15. Kutoka hapo yuko pekee yake. Ule mchezo wenyewe si neno moja, ni sentensi ndefu ya kodi: wachezaji wanajipanga vipi, nani anamlinda nani, kila mpokeaji anakimbia njia gani, na wakati mwingine mchezo wa pili wa kubadilisha kama wa kwanza haufai. Anatakiwa kuurudia wote kwa wenzake kumi, neno kwa neno, watu wanahema, uwanja una kelele. Kisha anafika mstarini na kuhesabu mabeki: nani anakuja, nani anajifanya anakuja.

Sasa cheki. Timu inafika mstarini na sekunde ngapi? Zikiwa 12, ameuelewa mchezo na ako na muda wa kusoma. Zikiwa 4, ameula muda wote akikumbuka maneno. Je, anapiga saa ya mapumziko kwa sababu watu wamejipanga vibaya? Timu inaadhibiwa yadi 5 kwa kuchelewa? Anamsogeza mkimbiaji kutoka kulia kwenda kushoto kwa sababu ameona mtu? Hiyo ya mwisho ikitokea na kweli yule beki aliyeonyeshwa akaja, na mkimbiaji akamzuia, manze, hiyo ni bora kuliko pasi ya yadi 40. Haitaingia kwa takwimu yoyote. Makocha kesho yake wataitazama mara tano.

Kuna msee anajua kurusha mpira hadi nje ya uwanja lakini hawezi kuwapanga watu kumi. NFL imejaa mabaki ya hao.

Jaribio la tatu

Jaribio la kwanza, kila kwotabeki ni mzuri. Difensi haijui kama ni mbio ama pasi. Jaribio la tatu na yadi 9, siri imeisha, kila mtu uwanjani anajua mpira utarushwa. Hapo ndipo namba huanza kudanganya vibaya zaidi: msee anatupa kapasi ka yadi 3 kwa mkimbiaji, kanapokelewa, asilimia yake inapanda, na timu inapiga mpira kwenda kwa adui. Kwa karatasi amefaulu. Kwa ukweli ameogopa.

Lakini pia sipendi wale mafans wanataka kila saa arushe bomu. Kuna jaribio la tatu ambalo jibu sahihi ni kuutupa mpira nje na kukubali kwamba hii haikuwa yetu. Wa akiba haitwi kuja kuwa shujaa. Anaitwa kufikisha gari. Swali ni kama anaona tofauti kati ya nafasi iliyofungwa na nafasi anayoiogopa tu.

Na akikosea, usiangalie lile kosa, angalia mchezo wa tatu baada ya hapo. Miguu yake imekuwa ya haraka kuliko kawaida? Anakimbia kabla hata mtu hajamkaribia? Ameanza kuachilia mpira mapema ilimradi utoke mikononi? Hiyo ndiyo woga inavyoonekana kwa kwotabeki: inaanza kwa miguu, uso unaweza kubaki mkavu kabisa.

Philadelphia, Januari

Kama unaona hii maneno yote ni ya kujaza Agosti, ngoja nikuambie venye 49ers walilipa.

2021 walitoa chaguo tatu za drafti za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu kwa Miami ili wapande hadi namba 3 na kumchukua Lance. 2022 wakampa usukani. Mechi ya pili, 18 Septemba, akavunjika kifundo cha mguu. Msimu wake ukaisha. Akaingia Jimmy Garoppolo, dere wa zamani ambaye walikuwa wamejaribu kumuuza wakashindwa. Tarehe 4 Desemba, dhidi ya Miami hao hao, Garoppolo naye akavunjika mguu.

Akabaki Brock Purdy. Huyu alikuwa chaguo la 262 kwa drafti ya mwaka huo, la mwisho kabisa, yule ambaye Wamarekani humpa jina la utani la Bwana Asiye na Maana. Agosti hiyo alikuwa anacheza mwisho mwisho wa mechi, na namba zake hazikuwa za kushtua mtu. Kabla yake kwa foleni alikuwa Nate Sudfeld, mzoefu aliyeletwa kuwa namba mbili. Lakini Garoppolo alipokubali kupunguziwa pesa na kubaki, nafasi zikajaa. Timu ikamkata Sudfeld, ikamweka Purdy kwa wale 53.

Kwa nini hawakumteremsha Purdy hadi kikosi cha mazoezi, kama wengi wa aina yake? Kwa sababu ili afike huko lazima kwanza akatwe, na mchezaji mchanga akikatwa, timu nyingine zote zina nafasi ya kumdai kabla hujamrudisha. Kumweka maana yake ni kwamba kuna mtu ndani ya lile jengo aliona kitu Agosti ambacho sisi wa mitandao hatukuona, na akaogopa jirani naye ameona.

Purdy alimaliza Miami 33-17, akashinda mechi zote tano alizoanza za msimu wa kawaida, akashinda mbili za mchujo. Kisha 29 Januari 2023, Philadelphia, mlango wa Super Bowl. Mara ya kwanza tu timu inashambulia, Haason Reddick akaugonga mkono wake wakati anarusha. Kano ya kiwiko ikachanika. Akaingia Josh Johnson, mzee wa miaka 36 aliyesajiliwa Desemba, msee amezunguka timu nyingi kuliko makanga amezunguka ruti. Kota ya tatu Johnson akagonga kichwa, madaktari wakamtoa. Purdy akarudi na mkono usioweza kurusha, na karibu kila mpira akawa anamkabidhi mkimbiaji. 31-7.

Fikiria timu nzima, difensi kati ya bora kwa ligi, Christian McCaffrey, George Kittle, wote wamesimama pale mbele ya Super Bowl na hakuna mtu wa kurusha mpira. Miezi minne baadaye ligi ikabadilisha sheria: kuanzia msimu wa 2023, timu inaweza kuvalisha kwotabeki wa tatu wa dharura, anayeingia tu kama wawili wa kwanza wameumia ama wamefukuzwa. Kwa hivyo hata wale wa kota ya nne Agosti, wale tunaowacheka, sai wako na kazi rasmi.

Turudi kwa Lance

Sasa ile mechi ya Broncos inaeleweka. Agosti 2023 Purdy alikuwa ametoka upasuaji wa kiwiko mwezi wa Machi. 49ers hawakuwa wanatafuta kipaji cha kukuza polepole. Walitaka mtu ambaye kiwiko kikigoma Septemba, atapanda gari asubuhi hiyo hiyo na kuendesha.

Darnold alikuwa ameanza mechi zaidi ya 50 kwa NFL, kwa Jets na Panthers, nyingi za kuchapwa. Yeye pia alikuwa chaguo namba 3, mwaka wa 2018, na kila mtu alikuwa ameshamzika. Lance alikuwa ameanza mechi nne tu ndani ya misimu miwili. Hata chuoni North Dakota State alicheza msimu mmoja kamili, 2019: tachidauni 28 kwa pasi, na hakuna pasi hata moja iliyonaswa. Kisha korona ikaja, kisha majeraha. Msee amekaa miaka mitatu karibu bila kucheza, halafu unampima kwa usiku tatu za Agosti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikisikia mtu anaitwa zii kabla hajapewa muda wa kusoma, nasikia uchungu fulani. Lance hakupewa haki yake. Na bado nafikiri Shanahan alikuwa sahihi. Hizo mbili zinaweza kuwa kweli pamoja.

Kwa sababu ukirudi kuangalia Lance wa mwezi huo, mkono upo, nguvu ipo, lakini wakati hauko. Anangoja hadi aone mpokeaji yuko wazi ndipo anaanza kurusha, na kwa mchezo wa Shanahan mpira unatakiwa kutoka kabla mpokeaji hajageuka. Hilo ni jambo la nusu sekunde. Mtu hulipata kwa kucheza, na kucheza ndicho kitu hakuwa nacho. Ile safari ya mwisho dhidi ya Broncos ilikuwa safi, lakini ilikuwa kota ya nne, mbele ya wasee wa kukatwa. Makocha walikuwa pia wamemwona kila siku mazoezini, na Agosti timu huenda kufanya mazoezi ya pamoja na timu nyingine, mastaa kwa mastaa. Makocha wengi huyaamini hayo kuliko mechi zenyewe. Sisi hatuyaoni. Tunaona bao la mwisho tunaruka.

Dallas walimchukua kwa chaguo moja la raundi ya nne. Linganisha na bei ya kununua.

Na Darnold? Alikaa mwaka mmoja nyuma ya Purdy, kisha 2024 akaenda Minnesota kuwa daraja tu, kumshikia gari dogo J.J. McCarthy, chaguo la 10 la mwaka huo. McCarthy akaingia mechi yake ya kwanza ya Agosti dhidi ya Raiders, akatupa tachidauni mbili, kila mtu akasema huyu ndiye. Goti lilikuwa limechanika mechi hiyo hiyo. Msimu mzima nje. Darnold akaendesha hadi ushindi 14.

Agosti ikifika tena, ukitaka kujaribu hii, chukua timu moja tu. Usichukue zote 32, utachizi. Zima sauti ya watangazaji, kazi yao ni kukuuzia stori. Andika vitu viwili pembeni ya kila mchezo: saa ya mchezo ilisoma ngapi timu ilipofika mstarini, na mpira ulienda kwa mtu wa kwanza, wa pili, ama popote tu. Ikifika mechi ya tatu utakuwa na jina lako kichwani. Kisha ngoja orodha ya 53 itoke.

Na ukiona jina lako halimo, kumbuka pia upande wa yule msee. Nate Sudfeld, yule aliyekatwa 2022 ili Purdy abaki, alipata kazi Detroit. 25 Agosti 2023, siku ile ile Lance aliuzwa, Sudfeld alikuwa Carolina kwa mechi ya mwisho ya kabla ya msimu, akipigania nafasi ya kuwa nyuma ya Jared Goff. Kano ya goti ikakatika hapo, kwa mechi isiyo na pointi.